Mwanafunzi wa Mtwara na Lindi Anayefika Berlin: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Muhula wa majira ya baridi katika vyuo vikuu vingi vya Ujerumani huanza Oktoba 1, kipindi kile kile minada ya korosho inapoanza kuchangamka kusini. Vijana wa Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, Nachingwea na Kilwa wanaokuja Berlin huuliza karibu maswali yale yale, na wazazi wao huuliza mengine. Nimeyakusanya hapa. Kama una muda wa kusoma jibu moja tu, soma la swali la 6, kwa sababu wengi wanaokwama wiki za mwanzo hukwamia hapo.

## Kabla ya kuondoka

1. Niweke nini kwenye begi la mkononi?

Kila karatasi ambayo huwezi kuipata tena ukiwa mbali: pasipoti yenye viza, barua ya udahili, vyeti halisi vya NECTA na vya chuo, cheti cha kuzaliwa cha RITA, uthibitisho wa bima ya safari, uthibitisho wa akaunti iliyozuiwa (swali la 3) na mkataba wa chumba kama unao. Andika kwenye karatasi anwani ya utakapofikia, maana simu inaweza kuzima njiani. Kama unatumia dawa kila siku, beba ya kutosha pamoja na barua ya daktari.

Vyeti visiingie kwenye begi kubwa hata kama limefungwa kwa kufuli. Begi likichelewa Doha au Istanbul utavaa nguo zile zile siku mbili, basi. Vyeti vikipotea utalia. Piga picha za kila ukurasa, ujitumie kwa barua pepe, na nakala moja abaki nayo mtu wa nyumbani anayejua kusoma ujumbe haraka.

Beba pia adapta. Plagi zetu zina pini tatu bapa, za Ujerumani zina pini mbili za duara. Nguvu ya umeme ni ile ile ya voti 230, kwa hiyo chaja zako hazitaungua.

2. Naruhusiwa kubeba korosho, samaki wakavu, nazi na asali?

Korosho zilizobanguliwa na kukaangwa hazina shida. Nyama na maziwa ni marufuku kuingiza kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, hata kama nyama imekaushwa. Samaki unaruhusiwa hadi kilo 20 kwa matumizi yako, ila papa mwache nyumbani, kwa sababu aina nyingi za papa zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Asali mwisho kilo 2.

Matunda mabichi yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache: nanasi, ndizi, nazi, tende na durian. Kwa hiyo nazi inapita, embe haipiti. Mama akikufungia embe kwa upendo, mweleze mapema, kuliko kuziona zikitupwa mbele yako forodhani. Kinyago kidogo cha mpingo nacho kinapita: mpingo umo kwenye orodha ya CITES, lakini bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 hazihitaji kibali.

3. Wazazi watauza korosho Novemba. Naweza kutangulia, pesa ikafuata?

Kwa anayejilipia, hapana. Ubalozi unataka kuona pesa za mwaka mzima zikiwa tayari kwenye akaunti iliyozuiwa, ambayo Wajerumani huiita Sperrkonto, kabla ya kutoa viza. Tangu Septemba 2024 kiasi hicho ni euro 11,904 kwa mwaka, na ukishafika unaruhusiwa kutoa euro 992 kila mwezi. Mwenye ufadhili, kwa mfano wa DAAD (shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi), hutumia barua ya ufadhili badala yake.

Maana yake ni kwamba safari ya Oktoba hulipwa na msimu wa korosho uliopita, na familia inapaswa kulijua hilo mwaka mmoja kabla. Mzee anayesubiri malipo ya chama cha msingi hana uhakika wa tarehe, na ubalozi hausubiri mnada. Ongeeni nyumbani mapema, tena kwa tarakimu, kila mtu aone ni kiasi gani kinatakiwa na kwa tarehe gani.

Zaidi ya pesa hiyo, uwe na kianzio unachoweza kukigusa tangu siku ya kwanza, kwa sababu akaunti iliyozuiwa haifunguki hapo hapo (swali la 11). Mwenye nyumba anaweza kudai amana ya hadi kodi ya miezi 3, na sheria inamruhusu. Kwa maoni yangu usishuke Berlin na chini ya euro 1,500 za kushika, na ukifika na 2,000 utalala usingizi. Ukibeba taslimu za euro 10,000 au zaidi lazima uzitangaze forodhani.

4. Laini yangu ya Tanzania niifanyeje?

Usiiache nyumbani. Benki yako na huduma za pesa kwa simu zitaendelea kutuma namba za siri kwenye laini hiyo, na imesajiliwa kwa alama zako za vidole, kwa hiyo kuirudisha ukiwa Ulaya ni kazi. Kabla ya kuondoka nenda duka la mtandao wako uombe iwezeshwe kupokea ujumbe nje ya nchi, kisha zima intaneti yake ili isile salio. Namba ya WhatsApp ibaki hiyo hiyo, nyumbani wasikupoteze. Laini ya Ujerumani ya malipo ya kabla utainunua hata kwenye supamaketi kama Aldi au Lidl. Ukikwama kwenye uhakiki wa pasipoti kwa video, nenda dukani kwa kampuni ya simu wakuhakiki ana kwa ana.

## Siku ya kufika

5. Kutoka uwanja wa ndege nafikaje mjini?

Uwanja wa BER uko kanda C ya usafiri, na mji wenyewe uko kanda A na B. Nunua tiketi ya ABC. Wengi hununua ya AB kwa kuwa bei yake ni nafuu kidogo, wakikaguliwa wanalipa faini ya euro 60.

Hakuna geti wala konda wa kukudai nauli. Unaingia tu kwenye treni, na ndiyo maana mgeni hudhani ni bure. Wakaguzi hupanda wakiwa na nguo za kawaida, hujitambulisha milango ikishafungwa. Tiketi ya karatasi unayonunua kwenye mashine ya stesheni lazima uigonge muhuri kwenye kisanduku kidogo kilicho jukwaani kabla ya kupanda. Isiyogongwa ni sawa na huna tiketi.

6. Mambo ni mengi. Nianze na lipi?

Anza na anwani. Mambo yote ya wiki za mwanzo Berlin yamefungwa kwenye kamba moja. Bila chumba chenye karatasi ya mwenye nyumba, husajiliwi mjini. Bila usajili, benki nyingi hazikufungulii akaunti. Bila akaunti ya Ujerumani, pesa yako iliyozuiwa haitoki. Bila usajili na bima, kibali cha ukaazi hakisogei. Na namba ya kodi, ambayo mwajiri yeyote ataidai, hutumwa kwa posta kwenye anwani uliyosajili.

Kwa hiyo chumba cha kufikia kisiwe kile ambacho mwenyewe anakwambia, "Lala tu, lakini hapa hutajisajili." Wapo Waafrika wenzetu wanaokodi vyumba kwa masharti hayo, na si wote wana nia mbaya, mara nyingi wao wenyewe hawana ruhusa ya kukaribisha mpangaji. Kwa wiki moja ya kupumzika sawa. Kwa mwezi, umeshajifunga. Kabla ya kukata tiketi ya ndege uliza swali moja: "Nitapata karatasi ya kujisajili?" Jibu likiwa la kuzungukazunguka, endelea kutafuta.

7. Saa zao zinasomwaje, na nyumbani nipige saa ngapi?

Miadi yote huandikwa kwa saa 24 kuanzia usiku wa manane. 09:30 ni saa tatu na nusu asubuhi, 14:15 ni saa nane na robo mchana. Miadi ya ofisini fika dakika 10 kabla. Ukichelewa robo saa wameshampa mwingine.

Tanzania iko mbele kwa saa 1 majira ya joto na saa 2 majira ya baridi. Saa za Ujerumani hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na kusogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Mwambie mama asishtuke simu ya jioni ikianza kuchelewa.

## Chumba, usajili na karatasi

8. Chumba napataje, na matapeli nawajuaje?

Omba hosteli ya studierendenWERK BERLIN siku ile ile unayopata udahili. Foleni ni ndefu, lakini ndiyo nafuu na karatasi zake hazina utata. Njia nyingine ni chumba katika nyumba ya kushirikiana, ambapo kila mtu ana chumba chake na jiko ni la wote. Hapo wanaoishi ndani hukuita kwanza mzungumze, hata kwa video, kuona kama mtaelewana.

Tapeli ana tabia zake. Chumba ni kizuri mno kwa bei ndogo, katikati ya mji. Mwenyewe yuko nchi nyingine, hawezi kukuonyesha. Anataka utume amana kwanza, halafu atakutumia funguo kwa posta. Usitume. Pesa iende baada ya wewe, au mtu unayemwamini aliyeko Berlin, kuingia kwenye chumba hicho na kuona mkataba.

9. Kujisajili ofisi ya mtaa kukoje hasa?

Sheria inataka ujisajili ndani ya wiki 2 tangu uhamie. Kitendo chenyewe huitwa Anmeldung, na ofisi ni Bürgeramt. Berlin ina nyingi, na unaweza kwenda yoyote, hata iliyo upande wa pili wa mji. Shida ni miadi, ambayo hukatwa mtandaoni na hujaa haraka. Fungua ukurasa wa miadi asubuhi mapema, maana nafasi zilizoachwa na wengine hurudi hapo. Ukikosa kabisa ndani ya wiki 2, kata ya tarehe ya karibu uliyoipata na utunze uthibitisho wake, uonyeshe kwamba hukukaa tu.

Siku yenyewe unapewa namba, unakaa mbele ya skrini. Namba yako ikitokea inaambatana na namba ya chumba au ya meza. Unamkuta mtumishi na kompyuta yake, unasema "Guten Tag", unaweka mezani vitu vitatu: pasipoti, fomu uliyojaza, na karatasi ya mwenye nyumba iitwayo Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa kupanga haushiki nafasi ya karatasi hiyo. Anaandika, anakuuliza moja mawili, anachapisha ukurasa mmoja na kukukabidhi. Hulipi kitu. Ukurasa huo utaombwa kila mahali, kwa hiyo kabla hujatoka mlangoni soma jina lako herufi kwa herufi. Majina yetu yenye Ng', Mw na Nj hukosewa kirahisi, na kosa likishaingia kwenye mfumo litakufuata hadi benki.

Kwenye fomu kuna sehemu ya dini. Ukijaza Mkatoliki au Mlutheri, serikali itakukata kodi ya kanisa, ambayo Berlin ni asilimia 9 ya kodi yako ya mapato. Asiyelipa kodi ya mapato hakatwi, na wanafunzi wengi wako hapo. Vijana wa Ndanda na Nyangao hushangaa, kwa sababu nyumbani zaka hutolewa kanisani kwa hiari. Jaza ukweli, ila ujue kinachofuata. Waislamu hawana kodi ya namna hiyo.

10. Kwa nini barua hazinifikii?

Kwa sababu jina lako halipo kwenye sanduku la barua. Ujerumani mleta barua hafuati namba ya chumba. Anasimama mbele ya safu ya masanduku mlangoni, anatafuta jina la ukoo, asipoliona barua inarudi ilikotoka. Kadi ya benki, namba ya siri, kadi ya bima, namba ya kodi, vyote huja kwa njia hiyo. Siku unayohamia, kabla hata ya kutandika kitanda, andika jina lako kwenye karatasi na ulibandike kwenye sanduku na kwenye kengele ya mlango.

Jina gani? Lile la mwisho kwenye pasipoti. Wengi wetu tuna letu, la baba na la babu, na Wajerumani watachukua la babu kuwa la ukoo. Ofisini utaitwa kwa jina la babu yako, zoea. La muhimu ni mpangilio uwe mmoja kila mahali: chuoni, benki, bima, sanduku la barua.

11. Akaunti ya benki na ile iliyozuiwa zinahusianaje?

Iliyozuiwa ni ghala, ya kawaida ndiyo kikapu. Unafungua akaunti ya kawaida ukiwa Ujerumani, unaipeleka namba yake (IBAN) kwa waliotunza pesa yako pamoja na karatasi walizokutajia, kisha euro 992 huanza kuingia kila mwezi. Tangu kufika hadi pesa ya kwanza, jipe wiki kadhaa. Kianzio nilichotaja swali la 3 ni kwa ajili ya pengo hilo.

12. Bima ya afya ni lazima? Nikiugua naenda wapi?

Ni lazima, na bila bima ya Ujerumani chuo hakikuandikishi. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 huingia bima ya umma kwa bei ya wanafunzi, ambayo mwaka 2025 ilikuwa karibu euro 140 hadi 150 kwa mwezi. Ni pesa nyingi, lakini ukilazwa huulizwi malipo ya kianzio mlangoni. Bima ya safari ni ya kukuvusha siku za mwanzo tu, usiifanye mbadala.

Kwa mafua na homa nenda kwa daktari wa mtaani, ukate miadi. Usiku au mwisho wa wiki, kama si hatari, piga 116117. Kwa dharura ya kweli ni 112, polisi 110. Ukipata homa wiki za mwanzo mwambie daktari wazi kwamba umetoka eneo la malaria na utaje tarehe. Madaktari wa huku hawaioni malaria kila siku, wanaweza kuanza na mafua. Usisubiri ipoe yenyewe.

13. Nimepata barua ya kudaiwa ada ya redio na televisheni, na sina hata televisheni.

Si utapeli. Ni ada ya kila nyumba, euro 18.36 kwa mwezi, uwe na televisheni au usiwe nayo. Kama mnaishi kadhaa nyumba moja, analipa mmoja na mnagawana. Ijibu barua kwa kutaja namba ya anayelipa. Ukiitupa deni linakua.

14. Kibali cha ukaazi nakiomba lini?

Kabla viza haijaisha. Angalia tarehe kwenye pasipoti leo, usikariri ya rafiki yako, kwa sababu muda wa viza hutofautiana. Berlin maombi ya wanafunzi huenda mtandaoni kwa ofisi ya uhamiaji iitwayo Landesamt für Einwanderung. Omba mara tu unapopata usajili, bima na uthibitisho wa kuandikishwa chuoni, na tunza uthibitisho wa kutuma.

## Chuo na kazi

15. Masomo yana tofauti gani na nilivyozoea?

Kubwa ni kwamba hakuna anayekufuatilia. Kujisajili kwenye kozi ni juu yako, kujisajili kwenye mtihani ni hatua nyingine kabisa, na ukipitwa na tarehe hufanyi mtihani hata kama ulihudhuria kila kipindi. Hilo huwaumiza wengi waliotoka shule ambako mwalimu wa taaluma alikuwa akiita majina.

Kipindi kilichoandikwa 10:00 c.t. huanza 10:15. Kikiandikwa s.t. kinaanza kamili. Ada ya muhula kwa kawaida huwa na tiketi ya usafiri ndani yake, kwa hiyo usinunue tiketi ya mwezi kabla hujauliza. Chakula cha bei nafuu kipo kantini za chuo, ziitwazo Mensa.

16. Naruhusiwa kufanya kazi? Niwatumie nyumbani?

Unaruhusiwa siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka. Kazi za usaidizi ndani ya chuo hazihesabiwi humo. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa. Usikubali kazi isiyo na mkataba kwa kuwa tu analipa leo leo. Ukiumia huna pa kushika, na kibali chako kinaingia hatarini.

Kuhusu kutuma nyumbani: ndugu wanaona Ulaya, hawaoni kodi na bima. Muhula wa kwanza waambie kwa upendo kwamba bado unajenga. Ni afadhali kusema hivyo Oktoba kuliko kufeli Februari kwa sababu ulikuwa unaosha vyombo kila usiku.

## Maisha ya kila siku

17. Baridi ni kali kiasi gani, ninunue koti Dar?

Mwishoni mwa Septemba na Oktoba utakuta nyuzi 10 hadi 15 hivi mchana, na Desemba hadi Februari huchezea sifuri. Makoti ya Dar mara nyingi hayakutengenezwa kwa baridi hiyo. Njoo na sweta mbili na viatu vya kufunika, kisha nunua koti Berlin. Mitumba ipo na ni mizuri: maduka ya Humana yako sehemu nyingi, na la Frankfurter Tor lina ghorofa kadhaa. Anza na viatu visivyopitisha maji, kwa sababu miguu ikilowa hata koti zuri halisaidii.

Chumbani usijifungie. Fungua dirisha lote dakika 5 hadi 10, mara mbili tatu kwa siku, hata kukiwa na barafu nje. Hewa ya joto na nguo zinazokauka ndani huleta ukungu ukutani, na amana yako italipia ukarabati.

Kuna giza pia. Sisi wa Lindi tumezoea jua linalozama karibu saa zile zile mwaka mzima. Berlin katikati ya Desemba linachomoza saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Usingizi huvurugika na moyo huwa mzito bila sababu unayoiona. Toka nje mchana hata nusu saa. Uzito ukizidi wiki mbili, kuna washauri wa wanafunzi wanaosikiliza bure. Kuwafuata si udhaifu.

18. Chakula cha halali na swala vipi?

Vipo. Mitaa ya Neukölln na Wedding imejaa maduka ya Waturuki na Waarabu yenye nyama ya halali, na pembeni ya Müllerstraße maduka ya Kiafrika yana unga wa ugali, mihogo na tui. Msikiti wa Şehitlik uko barabara ya Columbiadamm. Tazama ratiba ya swala ya Berlin yenyewe, kwa sababu Desemba adhuhuri, alasiri na magharibi hufuatana ndani ya saa nne, na zote zinaweza kuangukia kwenye vipindi. Waulize walimu mapema. Chumba tulivu cha kuswalia huwa kinapatikana ukiulizia.

19. Taratibu gani za mtaani zitanigombanisha na majirani?

Kelele baada ya 22:00 na siku nzima ya Jumapili. Jumapili maduka hufungwa, isipokuwa ya stesheni kubwa kama Hauptbahnhof, kwa hiyo nunua chakula Jumamosi. Takataka hutenganishwa: karatasi pipa la bluu, mabaki ya chakula la kahawia, plastiki na makopo la njano au la rangi ya chungwa. Chupa za soda na maji usitupe, zina amana, nyingi senti 25, unazirudisha kwenye mashine ya supamaketi. Maji ya bomba ni salama kunywa.

20. Mbona watu hawasalimii? Wananichukia?

Wengi hawakuchukii. Ndivyo wanavyoishi mjini, hawasalimii wasiowajua barabarani. Lakini ukiingia chumba cha kusubiri kwa daktari, au dukani, salamu inatarajiwa. Mtu wa kusini aliyezoea shikamoo hadi kwa mpita njia huumia mwanzoni. Tafuta Watanzania wenzako na ubalozi wetu ulioko hapa Berlin ujiandikishe, lakini usiishie kwao.

Ubaguzi upo, sitakuficha. Kuna wa maneno kwenye treni na kuna wa chumba "kilichokwisha kuchukuliwa" baada ya kuonekana sura yako. Ukitishiwa mwili, toka hapo kwanza, halafu 110. Ukibaguliwa na ofisi ya serikali ya mji, Berlin ina sheria yake ya kupinga ubaguzi tangu 2020 na unaweza kulalamika rasmi. Andika tarehe, mahali na maneno yaliyosemwa siku ile ile.

21. Mjusi wa Tendaguru yuko huko kweli? Naweza kumwona?

Yuko, yaani mifupa ya yule dinosaria aliyechimbwa Lindi, na ningependa kila mtoto wa Lindi anayefika Berlin aende. Makumbusho yanaitwa Museum für Naturkunde, treni ya U6, kituo cha Naturkundemuseum. Ukiingia ukumbi mkubwa unamkuta amesimama, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Inakubidi urudi nyuma hatua kadhaa ndipo uone kichwa.

Mifupa hiyo ilichimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji vilivyoanzia milima ya Wamatumbi mwaka 1905 na kuacha njaa kubwa kusini. Mamia ya watu wetu ndio waliochimba, wakiongozwa na msimamizi Boheti bin Amrani, na wapagazi waliibeba kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Suala la kumrudisha au kulipwa stahiki limezungumzwa Bungeni zaidi ya mara moja. Nenda usome vibao, uulize maswali. Wewe una haki ya kuuliza pale kuliko mtu yeyote.

Ukitoka panda U6 hiyo hiyo hadi Rehberge. Mtaa uliokuwa na jina la Carl Peters uligawanywa Agosti 2024, sehemu yake moja sasa ni Maji-Maji-Allee. Jirani yake kuna Sansibarstraße. Na kama umejiona mgeni wa kwanza kutoka pwani yetu, Kiswahili kimefundishwa Berlin tangu 1887, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuja kukifundisha mwaka 1900.

## Hali zisizo za kawaida

22. Nimepoteza pasipoti.

Nenda polisi upate taarifa ya maandishi, kisha ubalozi wa Tanzania, kisha iarifu ofisi ya uhamiaji (swali la 14). Nakala ulizojitumia kwa barua pepe (swali la 1) zitakuokoa hapa.

23. Nikipata msiba nyumbani kabla kibali hakijatoka, naweza kwenda kuzika na kurudi?

Inategemea karatasi uliyonayo siku hiyo. Kama viza yako ya kuingilia bado hai na utarudi kabla haijaisha, nenda.

Kama viza imeisha na unasubiri kibali, utakuwa na karatasi iitwayo Fiktionsbescheinigung, au utahitaji kuiomba. Ina visanduku, na mtumishi ametia alama kimoja. Kile cha kifungu cha 81 aya ya 4, kinachosema viza yako ya awali inaendelea kuhesabika, kinakuruhusu kutoka na kurudi. Cha aya ya 3 hakikuruhusu kurudi. Ukitoka nacho utaanza upya kuomba viza ukiwa Dar. Soma alama iko wapi kabla ya kulipia tiketi, hata kama simu za nyumbani haziachi kuita. Usipokuwa na uhakika, piga ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni, uwaambie neno msiba mwanzoni kabisa. Huwa wanakusaidia kufika uhamiaji kwa haraka.

Ukishapata kibali chenyewe unasafiri bila shida hiyo, ila ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi 6 bila ruhusa ya maandishi, kibali hufa.